Siku Wanaume wa Kizuka Walipopata Mimba

Jamani, leo nimeumbuka. Si ile ya kuteleza sokoni ukainuka ukajikung'uta sketi ukaendelea na safari. Nimeumbuka mbele ya daktari mkuu, mbele ya profesa wangu, mbele ya wakunga ninaofanya nao kazi, na mbele ya wazee wa komite ya afya. Nimeumbuka kwa grafu. Grafu yenyewe nzuri, ya rangi mbili.

Nawaandikia nikiwa uani kwangu hapa Rumonge, kando ya ziwa, miguu kwenye beseni la maji. Nawahi niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wamotari, wale wa pikipiki pale stendi, maana kule imeshafika na imeshatiwa chumvi.

Kwa wasionifahamu: naitwa Consolata, mimi ni muuguzi. Nimekulia Tanzania, kambi ya wakimbizi, nikarudi nyumbani na wazazi nikiwa msichana (ndiyo maana nikifungua mdomo sokoni napandishiwa bei ya ndagala, dagaa wa huku, wanadhani mimi mgeni). Tangu mwaka juzi nasoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa huduma za afya na uchambuzi wa takwimu. Nasoma kwa mtandao, chuo kiko Tanzania. Mchana nachoma watu sindano, jioni nachomwa mimi na hesabu.

Watu wananiuliza: "Conso, si una kazi tayari? Hizo takwimu za nini?"

Za nini? Mwaka jana nilimpokea mama aliyeletwa kwa baiskeli kutoka Kizuka, juu huko kwenye michikichi. Mimba ilikuwa ya miezi minane, na siku hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuonana na muuguzi. Damu ilikuwa imempungukia mpaka viganja vimekuwa vyeupe. Alijifungua salama, yeye na mtoto wakaenda nyumbani. Mimi ndiye niliyebaki na swali. Wako wangapi kama huyu? Niliuliza kila mtu kituoni. Mmoja akasema wengi. Mwingine akasema si wengi sana. Nikasema basi, nitahesabu mwenyewe. Na mimi nikisema jambo, muulizeni mume wangu Ezekieli, hata mvua hainirudishi.

Nikahesabu. Nikachukua taarifa za kituo chetu, nikaondoa majina ya watu, nikaziingiza kwenye kompyuta mstari kwa mstari: jinsia, umri, anakotoka, sababu ya kuja. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuonyesha matokeo. Chuo kinataka uwaeleze kwanza wale waliokupa takwimu, profesa akiwa anakutazama kwa mtandao. Profesa akikubali, naanza kuandika tasnifu. Daktari mkuu wa wilaya akikubali, Kizuka kunafunguliwa siku ya kliniki ya wajawazito, kila wiki, huko huko kwao. Ndiyo mbili tu. Hizo ndizo nilizokuwa nazifukuzia.

Asubuhi nimeamka mapema. Ezekieli ameninyooshea kitenge kipya yeye mwenyewe (mwalimu wa shule ya msingi anayejua kupiga pasi, kina dada, mnitafutie mwingine). Niko mezani, chai mdomoni, simu inaita. Daktari mkuu.

"Consolata, amahoro. Sikiliza. Leo usinionyeshe mimba peke yake. Nataka na malaria, na kuhara, na kikohozi, yote yapangwe vizuri."

"Bila shaka, Daktari."

Nilipaswa kusema hapana, Daktari, kazi imeshakamilika, nisiiguse tena. Lakini nani anamwambia daktari mkuu hapana akiwa na chai mdomoni?

Nikafungua kompyuta. Nikachagua ile safu ya sababu za kuja, nikaiambia ijipange. Kompyuta ikaniuliza swali. Iliuliza kwa adabu kabisa, kwenye kisanduku kidogo. Sikulisoma. Nililifukuza kama inzi, tap, likaondoka. Malaria ikakaa na malaria, kuhara na kuhara, mimba na mimba. Grafu zangu zote zikajichora upya zenyewe, chungwa kwa wanawake, buluu kwa wanaume. Nikaziangalia kwa mbali kama mtu anayeangalia mapazia mapya. Nikasema: lo, rangi zimeongezeka, zimependeza!

(Rangi zimeongezeka. Hapo ndipo mtu mwenye akili angekaa chini.)

Saa tatu nilikuwa ukumbini. Ni kile chumba chetu cha mikutano, projekta imewekwa juu ya meza, picha inapiga ukutani. Mbele amekaa daktari mkuu na kalamu yake. Pembeni Mama Zuhura, mkunga wetu mkubwa, mzaliwa wa mtaa wa Waislamu hapa mjini. Huyu ndiye aliyenifundisha kuzalisha, na ananiita mtoto wake ingawa nina watoto wangu. Nyuma komite ya afya, na kati yao Mzee Bukuru wa Kizuka, mkulima wa michikichi, amevaa koti la harusi. Mkamwana wake alijifungulia njiani mwaka huu, akiletwa kwa baiskeli, kwa hiyo mzee hakuja kusinzia. Profesa alikuwa kwenye simu yangu niliyoisimamisha juu ya chupa ya maji, na huko kwake alikuwa anaona picha ile ile iliyokuwa ukutani.

Rezo, yaani mtandao, ilikuwa mbaya. Profesa alikuwa anaganda mdomo wazi, anakatika, anarudi akiwa katikati ya neno.

Nilikuwa nimesoma mahali kwamba msemaji mzuri haangalii ukuta, anaangalia watu. Basi nikaupa ukuta mgongo. Hotuba nilikuwa nimeikariri neno kwa neno. Nikaanza.

Malaria nikaipita vizuri. Watu walikunja nyuso kidogo, nikadhani wanafikiri. Kuhara nikakupita. Nikafika kwenye mimba, moyo wangu wenyewe ulipo, nikabonyeza. Picha ikabadilika nyuma yangu.

Chumba kikanyamaza.

Nikajiambia, Conso, umewagusa.

"Ndugu zangu," nikasema, "hii ndiyo hali halisi. Iangalieni vizuri. Msiikimbie."

Hawakuikimbia. Walikuwa wameitolea macho. Mzee Bukuru alivaa miwani. Daktari mkuu aliweka kalamu chini. Mama Zuhura akaanza kujipapasa tumbo huku ananikazia macho. Nikaelewa kuwa ananiambia nieleze zaidi kuhusu mimba. Nikamwitikia kwa kichwa. Akajipapasa kwa nguvu zaidi.

Hapo Profesa akarudi hewani.

"Bi Consolata... samahani... wanaume... mbona ni wengi hivi?"

Nikafurahi! Hilo swali nilikuwa nimejiandaa nalo. Kuna kipande kizima kwenye hotuba yangu kuhusu wanaume wanaowasindikiza wake zao kliniki. Nikavuta pumzi.

"Asante kwa swali, Profesa. Kwa kweli tunajivunia. Zamani ilikuwa kazi ya wanawake peke yao. Sasa wanaume wa Kizuka wameamka!"

Nyuma mtu akakohoa.

"Wame...?" Profesa akaganda. Akarudi. "Na huyu wa miaka sabini na kitu?"

Nikafikiri anauliza kama na wazee wanasindikiza.

"Wazee pia, Profesa! Wazee ndio mfano. Kijana akimwona babu yake amejitokeza, yeye ataona aibu gani?"

Mama Zuhura akasimama nusu. "Conso, mutoto wangu. Geuka."

"Nakuja, Mama, namalizia." (Yaani nilimkatiza. Mama Zuhura! Mungu anisamehe.)

Profesa sasa sauti yake ilikuwa ya mtu mzima anayejizuia asicheke. "Na hao... mnawahudumia vipi?"

"Tunawakaribisha kwa mikono miwili. Wana benchi lao. Hatuwacheki. Na lengo letu, Profesa," nikainua kidole juu, hiki hiki ninachoandikia, "lengo letu ni kwamba ifikapo mwakani, kila mwanaume wa Kizuka awe amepitia!"

Mzee Bukuru akanyanyuka taratibu. Akavua kofia.

"Binti yangu, nisamehe. Mimi niko wa Kizuka. Niko mu komite. Hii habari iko mupya kwangu. Hao wanaume wenye wako na mimba, nipe hata mumoja tu, niende nimupelekee maziwa."

Ndipo nikageuka.

Mana yanje!

Ukutani: WAJAWAZITO WANAOTOKA KIZUKA. Nguzo ya chungwa, wanawake. Na pembeni yake, imesimama ndefu kama mnara wa simu, nguzo ya buluu. Wanaume. Siku zote hapo huwa patupu, kwa sababu ambazo sina haja ya kuwaeleza. Chini yake umri: vijana, watu wazima, wazee. Na kwenye kona kabisa kulikuwa na kitoto kichanga cha kiume, nacho mjamzito.

Kicheko hakikuanza mara moja. Kilianzia kwa Mama Zuhura, kikaanza kama kwikwi, akajaribu kukizuia kwa mtandio, kikampasuka. Kikapita kwa wakunga wote. Komite ikaanguka juu ya madawati. Daktari mkuu, mtu ambaye sijawahi kuyaona meno yake tangu nimjue, leo nimeyaona mpaka ya nyuma. Na kwenye simu Profesa akaganda tena, safari hii akiwa anacheka, na picha yake ikabaki hivyo hivyo, kichwa nyuma, mdomo wazi. Sikuwa na pa kuangalia. Ukutani wajawazito, mbele vicheko, kwenye chupa profesa.

Masikio yalipata moto. Nilitamani ziwa lipande mpaka hapo lizoe chumba chote, liniache mimi tu, au linizoe mimi tu liwaache wao, lolote.

Profesa aliporudi alifuta macho. Alisema kwa upole, na ule upole ndio ulioniuma:

"Bi Consolata, haya yanatokea. Tuahirishe. Utajipanga, tutakusikiliza siku nyingine."

Daktari mkuu akaanza kukusanya karatasi zake. "Ndiyo. Lakini mipango ya kliniki naifunga leo. Kizuka itangoja awamu nyingine."

Nikamwona Mzee Bukuru. Alikuwa ameacha kucheka. Ameshika kofia yake kwa mikono miwili, anaitazama.

Sijui nini kilinipanda. Aibu ilikuwa imeshafika mwisho, hapakuwa na aibu nyingine ya kuogopa.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?" akauliza daktari mkuu.

"Hapana, Daktari, usiondoke. Hapana, Profesa, tusiahirishe. Nimeharibu hapa mbele yenu, nitengeneze hapa mbele yenu. Naomba mkae."

Wakatazamana. Mama Zuhura akapanga mtandio wake akarudi kukaa, tena kwa kishindo. "Tukae. Mimi siendi fasi yoyote."

Daktari mkuu akaangalia saa yake, akaangalia mlango, akakaa.

Nimewahi kuzalisha mama kwa tochi ya simu na haikunishinda. Leo kompyuta ilikaribia kunishinda. Chumba kizima kilikuwa kinaangalia kile kishale cha kompyuta kikitangatanga ukutani kama kuku aliyepotea. Nikapekua. Nikaona. Lile swali nililolifukuza asubuhi lilikuwa linauliza: nipange safu hii peke yake, au nivute na nyingine zinazoandamana nayo? Nami nilikuwa nimesema peke yake. Kwa hiyo sababu za kuja zilihama zikajipanga, lakini watu walibaki palepale walipokuwa. Mwenye malaria akapewa jino, mwenye jino akapewa mimba, na mama mjamzito wa watu akaandikiwa kipele cha kichwani.

Nikawaeleza hivyo hivyo, kwa sauti, bila kujificha. Mzee Bukuru akasema, "Aaa. Ni kama kuvuta nguo za watu ku kamba, halafu uwarudishie ovyo." Nikasema ndiyo, Mzee, na mimi nimewarudishia wanaume sketi.

Wakacheka tena, lakini safari hii nilicheka nao.

Nakala ya jana ilikuwepo, nilikuwa nimejitumia kwenye barua pepe. Rezo ikaivuta polepole, polepole, kila mtu anaangalia kile kimduara kikizunguka, wakunga wakaanza kukihimiza kama wanavyohimiza mama anayesukuma: "Kaza! Kaza! Kinakuja!" Kikaja. Nikapanga upya, safari hii safu zote zikiwa zimeshikana. Nikabonyeza.

Nguzo ya buluu ikaanguka. Patupu. Wanaume wa Kizuka wakajifungua wote kwa mpigo. Chumba kikapiga makofi.

"Vizuri," akasema Profesa. Hakuwa anacheka tena. "Sasa nitajuaje kwamba hii ndiyo sahihi? Ile ya kwanza pia uliitetea kwa nguvu."

Alinipata. Swali la haki kabisa. Nikaona niache hotuba. Nikaiuliza kompyuta mbele yao: kuna mwanaume yeyote mwenye mimba? Hakuna. Kuna bibi aliyeshapita umri? Hakuna. Kuna mtoto mdogo? Nikategemea hakuna. Ikasema yupo. Msichana wa miaka mitatu, mjamzito, wa Kizuka.

Mtu akaguna. Mama Zuhura akafumba macho.

Kwa sekunde moja nilitaka kukimbia. Halafu nikarudi kwenye nakala ya mwanzo kabisa, niliyoingiza kwa mkono wangu. Na huko yupo. Miaka mitatu.

"Profesa, hili halikutokana na kupanga. Limetoka hivi kwenye kuandika. Pengine ni thelathini, tatu na sufuri, sufuri ikasahaulika. Lakini pengine si hakika. Sitaibadilisha kwa kukisia. Namwondoa kwenye hesabu ya leo, naandika kwamba nimemwondoa na kwa nini, na kesho naenda kutafuta karatasi yenyewe."

Picha yake ikatulia. Nikadhani ameganda. Hakuwa ameganda.

"Endelea," akasema. "Nionyeshe Kizuka."

Nikageukia ukuta (ukuta! sitauacha tena maishani) nikawaonyesha. Wanawake wa Rumonge mjini wanakuja kliniki mimba ikiwa changa. Wa Minago, majirani zetu wa ziwani, wanachelewa kidogo. Wa Kizuka, wengi wao, wanakuja wakati tumbo limeshakuwa mlima, na wengine tunawaona siku ya uchungu wenyewe. Sikuwa na hotuba tena, ile niliyoikariri ilikuwa imenitoka yote kichwani. Niliongea tu. Nikawaeleza ule mteremko, na mvua, na mama anayeshuka na baiskeli huku anashika mgongo wa anayeendesha.

Mzee Bukuru alisimama tena. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hiyo ni kweli. Hiyo naijua. Mukamwana wangu, mutoto alimuzalia mu barabara, mu matope. Sisi tulikata kitovu na wembe."

Hakuna aliyecheka.

Daktari mkuu alichukua kalamu yake. Akaandika, akapiga mstari chini, akasema: "Kizuka, kila Jumatano. Tunaanza kwa majaribio. Na wewe Consolata ndiye utakayepanda huko."

"Nitapanda, Daktari."

Profesa naye akasema niendelee na tasnifu, kwa sharti moja. Niandike sura nzima juu ya kuhakiki takwimu kabla ya kuwaonyesha watu. "Na ile grafu ya kwanza," akasema, "iweke kama mfano. Nitaitumia kufundishia." Nikasema sawa, Profesa. (Kwa hiyo kuna madaktari wa nchi tofauti tofauti watakaonijua kwa hilo. Murakoze cane, asanteni sana.)

Nikatoka ukumbini nina ndiyo zangu zote mbili, nalia na kucheka. Mama Zuhura alinishika bega mlangoni. "Umefanya muzuri, mutoto wangu. Lakini nikikuambia geuka, geuka."

Nilidhani yameishia ndani. Nani alitoka akaongea, sijui. Nafika barabarani, mmotari anapunguza mwendo: "Mama Conso! Mimi niko na mimba ya miezi mingapi?" Kwenye duka la mawese muuzaji amejishika kiuno kwa nyuma, anatembea kama bata. Fundi cherehani ameniuliza kama nguo za uzazi za kiume nitaagiza nyingi. Nimefika nyumbani, Ezekieli mume wangu wa ndoa ya kanisani, aliyenipigia pasi kwa mkono wake, amelala kwenye kiti amejaza mto ndani ya shati, ananiambia, "Mke wangu, nasikia hamu ya kula udongo."

Cheka Ezekieli. Jumatano nikipanda Kizuka, unabaki na watoto.

Na ninyi wengine, sitawazuia, najua mmeshaanza. Ila kesho nina zamu ya asubuhi, na mwanaume yeyote atakayeingia chumbani kwangu amejishika tumbo huku anatabasamu, nampima mimba kweli, na majibu nayabandika mlangoni.